Mbwa Wako Akishika Mimba, Tafuta Kwanza Bajaji

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe, majirani zangu wa Goba, asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi mliokosa mkono wa kupunga kwa sababu mmeshika kamba kwa yote miwili, habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba niseme maneno machache juu ya kichaa cha mbwa wakati foleni ya chanjo inapungua. Nilikuja nimejiandaa kwa hilo. Lakini nimepita kwenye foleni tangu saa 2, nimeona majike wanne wenye mimba, na kila niliyemuuliza "atazaa lini?" amenijibu "karibuni tu". Kijana mmoja akaniambia, "Bibi, si tutaona tumbo likishuka?" Basi, kichaa mmekwisha kuchanja, Mungu awabariki. Mimi naomba niongee uzazi.

Wengi mnanifahamu, nimestaafu kazi ya mifugo. Nilisomea ng'ombe, na miaka mingi ya utumishi wangu imekwenda kwa ng'ombe na kuku. Mbwa nimejifunza kwa kugongewa geti usiku. Zamani aliyegonga saa 8 usiku alikuwa na ng'ombe aliyekwama. Siku hizi viwanja vimejaa nyumba, kila nyumba ina ukuta, kila ukuta una mbwa, na anayegonga ni mwenye mbwa. Na akigonga, mara nyingi ameshachelewa.

Sikilizeni, mbwa wengi huzaa wenyewe salama, tena vizuri kuliko tukiwaingilia. Wachache ndio wanaokwama, na hao wachache hawafi kwa kukosa upendo wa mwenye nyumba. Wanakufa kwa sababu hakuna aliyejua ni siku ya ngapi, hakuna aliyetazama saa, na alipopatikana wa kujua, hakukuwa na usafiri.

Hilo la usafiri nalisema kwa uchungu. Jike wangu mwenyewe, Chausiku, alikwama usiku wa saa 6. Nikajua kabisa hapa ni upasuaji. Nikapiga simu kwa dereva wa kwanza, tukaelewana bei, akafika, akaona mbwa, akageuza bajaji bila hata kuzima injini. Wa pili akaniambia kwa upole, "Mama, mimi alfajiri nina swala, mate ya mbwa kwenye kiti siyawezi." Nilimwelewa, na mpaka leo namheshimu, maana aliniambia ukweli mapema kuliko yule aliyenipotezea nusu saa. Wa tatu alikubali kwa sharti la turubai. Turubai nilitafuta wapi usiku ule? Nikachana gunia la mkaa. Tulifika kwa daktari saa 11 alfajiri. Watoto walikuwa sita, wawili tulikuta wameshakufa.

Tangu hapo, mbwa wangu akishapandwa, kitu cha kwanza ninachotafuta ni bajaji, boksi la kuzalia baadaye. Namfuata dereva mchana, ana kwa ana, namwonyesha mbwa, namwonyesha turubai, tunapatana bei ya usiku na bei ya mchana. Akikataa, tunaagana vizuri, natafuta mwingine. Na nawaomba sana wenye magari mnaosema "mimi ninalo langu": nani anaendesha wakati wewe uko kazini Posta na foleni ya jioni imefunga Mwenge? Panga na hilo.

Sasa tarehe. Siku mbwa wako alipopandwa, andika. Ukutani, kwenye kalenda ya duka, kwenye simu, popote, lakini andika. Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tangu yai litoke. Tatizo ni kwamba siku uliyowaona wamenasana siyo lazima iwe siku ya yai. Mbegu za dume zinaweza kukaa hai ndani ya jike siku kadhaa zikisubiri. Ndiyo maana ukihesabu kuanzia kupandwa, uzazi unaweza kuja siku ya 57 na unaweza kuja siku ya 72, na bado yote ni sawa. Mfano, kapandwa tarehe 1 Juni: siku ya 63 ni tarehe 3 Agosti, lakini wewe uwe tayari kuanzia tarehe 28 Julai, na ikipita tarehe 12 Agosti kimya, huna tena sababu ya kusubiri, nenda kwa daktari.

Na kwa kuwa tuko wenyewe hapa, niseme na lingine. Geti likiachwa wazi nusu saa wakati jike yuko kwenye joto, yaani anataka dume, anaweza kupandwa na zaidi ya dume mmoja, na mzao mmoja ukawa na baba wawili. Kwa hiyo ukiona mmoja anafanana na mbwa wako wa bei mbaya na wa pili anafanana na koko wa gengeni, usimgombeze mlinzi kwamba amebadilisha watoto. (Naona mnacheka, lakini mlinzi wa watu aliwahi kufukuzwa kazi kwa hilo.) Pia kuna mimba ya uongo: jike hajapandwa kabisa, miezi miwili baada ya joto anatoa maziwa na kubeba ndala mdomoni kama mtoto. Ukiwa na shaka, kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti, ultrasaundi, kinaonyesha mimba kuanzia karibu mwezi mmoja. Na ukimpeleka eksirei baada ya siku ya 55, mifupa ya watoto inahesabika. Fedha hiyo haipotei. Usiku wa kuzaa, mtu anayejua wako sita, akiona watano, anajua kazi haijaisha.

Nije kwenye pahali pa kuzalia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mengi mnayosoma kwenye simu yameandikwa na watu wa nchi za theluji. Wanawaambia mtundike taa ya joto juu ya watoto. Ni kweli, mtoto mchanga wa mbwa hawezi kujitengenezea joto, hata kutetemeka hajui, na wiki ya kwanza anahitaji hewa ya nyuzi kama 29 hadi 32. Lakini jamani, hiyo si ndiyo Dar ya Februari? Chumba chako cha bati, mchana, kimeshapita hapo. Ukiongeza taa ya vifaranga unampika mama. Atahema, atatoka nje kutafuta sakafu baridi, na watoto watabaki bila maziwa. Februari shida yako ni kivuli na upepo. Julai ndiyo kinyume, usiku unashuka mpaka karibu nyuzi 20, kusi inavuma, na hapo chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, ikiwekwa kona moja tu ya boksi, inatosha. Kona moja, ili anayesikia joto aweze kujikokota kwenda upande wa pili. Taa inategemea umeme, na umeme wetu mnaujua.

Boksi lenyewe liwe na nafasi ya mama kulala akajinyoosha na kugeuka. Kwa mbwa wetu wa kawaida, mita moja kwa sentimita 80 inafaa. Wale wakubwa wa polisi, mita moja na robo kila upande. Boksi la friji linatosha, ukikata upande mmoja mama avuke na watoto wasitoke. Ukiwa na fundi, mwambie apigilie fito kuzunguka ndani, sentimita kama 10 kutoka chini, ili mtoto akiangukia kati ya mgongo wa mama na ukuta apate upenyo. Wengi hufa kwa kulaliwa, na mama wala hajui. Chini tandika magazeti, juu kanga chakavu. Maranda ya mbao usiweke, yanaingia puani mwa watoto.

Na siafu. Hili hakuna mtu wa theluji atakayekuambia. Masika ardhi ikishiba maji, siafu wanahama, na wanapita usiku. Mtoto wa mbwa wa siku mbili haoni, hasikii, hakimbii. Nimewahi kuitwa Kimara asubuhi kwenye banda lililojengwa vizuri, la bati na nyavu, mama amevimba uso kwa kuumwa, na watoto… niishie hapo, kuna watoto wetu wanasikiliza. Kwa hiyo masika usimzalishe mbwa chini ya mti wala karibu na kichuguu. Mlete barazani au stoo. Kama boksi ni la mbao, liwekee miguu, na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye maji. Majivu pembeni yanasaidia yakiwa makavu, yakilowa ni tope tu. Mafuta ya taa usimwage karibu, watoto wanavuta ule mvuke. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe usiipulize kwenye boksi. Kupe mshughulikie mapema, kwa dawa ambayo daktari amesema inafaa kwa mwenye mimba.

Mzoeshe boksi wiki mbili kabla. Chausiku nilimwonyesha boksi siku tano kabla, akalilalia kwa adabu, siku ya sita akaenda kuchimba shimo chini ya mgomba wa jirani. Kuchimba ni silika yao, usimpige. Ila wiki ya mwisho asilale nje peke yake.

Chakula sitakisema sana. Mwezi wa kwanza na kidogo, mlishe kama kawaida, unene haumsaidii kuzaa. Kuanzia wiki ya 5 au ya 6 ongeza kidogo kidogo, mpaka mwishoni awe anakula kama robo zaidi hadi nusu zaidi, kwa milo midogo, kwani tumbo limebanwa. Ugali mtupu hautoshi: dagaa, mayai ya kuchemsha, nyama ya kichwa, maini kidogo. Akinyonyesha, wiki ya 3 na ya 4, atakula mara mbili au tatu ya kawaida yake, mpe. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana.

Lakini kuna kosa moja la chakula linalofanywa na watu wanaojali, na ndilo linaniuma. Mtu anakwenda duka la dawa za mifugo, ananunua unga wa mifupa wa kulishia kuku au kidonge cha kalsiamu, anampa mbwa mwenye mimba kila siku ili apate nguvu. Mwili wa mama ukishazoea kupewa kalsiamu ya bure unakuwa mvivu wa kuichota kwenye mifupa yake. Maziwa yakikolea, wiki chache baada ya kuzaa, damu inaishiwa kalsiamu, na mwili haujui pa kuanzia. Mama anatetemeka, anatembea kama ana miguu ya mbao, anachemka, kisha degedege. Wanaopata sana ni mbwa wadogo wenye watoto wengi. Ukiona hivyo, watoe watoto kwenye titi na piga bajaji saa ile ile. Huko anachomwa kalsiamu polepole kwenye mshipa na, akiwahi, anainuka.

Vifaa: kipimajoto cha dijitali, glavu, taulo ndogo nyingi, uzi imara, mkasi uliochemshwa, ayodini, mizani ya jikoni, tochi iliyojaa chaji. Weka ndoo moja na sabuni ya kazi hiyo tu. Kwa sisi ambao mate na majimaji ya mbwa ni najisi kwetu, glavu, ndoo ya pembeni na nguo za kubadilisha ndivyo vinavyokuwezesha kumsaidia mnyama wako na bado ukaingia kwenye swala yako bila shaka moyoni.

Kuanzia siku ya 57, mpime joto asubuhi na jioni kwa njia ya haja kubwa, ncha ya kipimajoto umeipaka mafuta. Kwa kawaida mbwa ana nyuzi 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.5, mara nyingi mpaka 37 hivi, uchungu unakuja ndani ya siku moja. Hapo ndipo unampigia dereva, siyo aje, ajue tu. Halafu utaona mbwa hatulii, anahema, anatetemeka, anachanachana magazeti, anakataa hata nyama, pengine anatapika. Hiyo huchukua saa 6 hadi 12, na anayezaa mara ya kwanza anaweza kufika saa 24. Kazi yako ni kukaa kimya. Watoto wa mtaa wasije kutazama, na simu ya kurekodi izimwe. Mama akiogopa anaweza kusimamisha uchungu, na wengine humaliza kwa kuwang'ata watoto wao.

Akianza kusukuma, tazama saa na uandike. Mtoto anakuja ndani ya mfuko wake. Mama ataupasua, atalamba, atakata kitovu. Asipofanya hivyo ndani ya dakika moja au mbili, ingia wewe: pasua utando puani kwanza, futa mdomo, msugue kwa taulo mgongoni kwa nguvu mpaka alie. Ile ya zamani ya kumshika kichwa chini na kumrusha kama unakung'uta mkeka, acheni, inaumiza ubongo. Kitovu funga uzi kama sentimita mbili na nusu kutoka tumboni, kata upande wa nje wa fundo, chovya ayodini, na usivute kuelekea kwako. Karibu nusu yao hutanguliza miguu ya nyuma, usishtuke, kwa mbwa ni kawaida. Hesabu na makondo ya nyuma, kila mtoto na lake. Mama akila moja mawili hana tatizo, akila yote ataharisha.

Sasa saa zenyewe. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hakuna kitu, nenda. Zikipita saa 2 bila mtoto na unajua kuna aliyebaki ndani, nenda. Ukiona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, nenda, maana kondo limeachia na mtoto yuko ndani bila hewa. Kijani hicho hicho baada ya mtoto wa kwanza ni kawaida, ndiyo maana nasema mtazame na mpangilio, si rangi peke yake. Joto limeshuka, siku nzima imepita, hakuna uchungu: nenda. Unasubiri nini, kuche? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usimwonee haya daktari kwa kumwamsha, wala usiogope kwamba mbwa wako ataonekana wa kawaida tu.

Na kabla hujaenda, usimchome sindano ya kuongeza uchungu. Naisema hii polepole. Kuna jirani alinunua dukani, duka silitaji, akamwita kijana akachoma. Mtoto alikuwa amekaa kwa mkingamo. Dawa ikaubana mfuko wa uzazi juu ya mlango uliozibwa, mfuko ukapasuka. Aliponiita, kulikuwa hakuna cha kuzalisha. Sindano ile ni ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, baada ya kuingiza kidole na kujua njia iko wazi. Dawa zako za maumivu, panado na nyinginezo, nazo baki nazo mwenyewe, ni sumu kwake.

Watoto wakishatoka, kila mmoja anyonye maziwa ya mwanzo, ile dang'a, siku ile ile, kwani ndiyo kinga yao, na kadiri saa zinavyopita utumbo wao haupokei tena. Wapime uzito kila siku kwenye mizani ya unga. Mtoto mzima anaongezeka kila siku na kufika mara mbili ndani ya wiki moja na nusu. Asiyeongezeka siku mbili, mpeleke titi la nyuma lenye maziwa mengi, au uulize. Minyoo waanze kupewa dawa wakiwa na wiki 2, kisha kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, pamoja na mama yao, maana minyoo mviringo wanazaliwa nayo tumboni, na inahamia kwa watoto wetu wanaocheza mchangani. Wasiondoke nyumbani kabla ya wiki 8. Na kama huna wa kuwapa, tuongee juu ya kumfunga mama kizazi baadaye. Usiwapeleke jalalani kwenye kiroba. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini hata isingekuwepo.

Kuna mama pale kwenye kiti cha plastiki amenyoosha mkono tangu nianze. Anauliza, mbwa mama akifa au akikosa maziwa, awape watoto ya ng'ombe? Mama yangu, ya ng'ombe ni mepesi mno kwa mbwa, na yanaharisha. Yapo maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwa madaktari wa mifugo, nunua kopo moja kabla. La muhimu zaidi: mtoto aliyepoa usimpe maziwa kabla hujampasha joto kifuani mwako au kwa kanga yenye joto, tumbo lake limelala. Na ukimnyonyesha kwa chupa, alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama. Tukimlaza chali kama mtoto wetu, maziwa yanaingia mapafuni.

Nyuma ya ofisi nimeleta maboksi matatu ya friji, na wenye majike ni wanne, kwa hiyo elewaneni. Na yule pale chini ya mwembe mwenye bajaji ya bluu ndiye dereva wangu. Leo amekuja kuchanja mbwa wake mwenyewe, kumbe naye ana jike. Mfuateni mpatane, ila yule atakayezaa wiki moja na Chausiku atafute mwingine.